Lori la Baba Hoza, Moja kwa Ishirini

Usiku wa jana niliota nimekaa palepale usingizi uliponikutia: kwenye mkeka wa jikoni, miguu nimeinyoosha, lori dogo mapajani, nyundo ya misumari ya viatu mkononi. Sikuona tofauti na kuwa macho, isipokuwa lori lilikuwa linanitazama.

Niseme kwanza habari za hilo lori. Mume wangu, Baba Hoza, alikuwa dereva wa lori la magogo tangu tulipooana mpaka nguvu zilipomwishia, kutoka msituni huku Lushoto hadi kiwanda cha mbao kule bondeni. Lori lenyewe walilikata kwa gesi wakaliuza skrepa. Mwaka jana presha ya macho ikamfunga macho yote mawili. Tangu hapo anakaa kitandani ameelekea ukutani. Ukimpa chakula anakula, ukimsalimu anaitika, lakini mwenyewe hayupo.

Nikafikiri: mikono yake bado inaona. Nikamtengenezea lori lake kwa makopo ya mafuta ya kupikia, magurudumu nikayakata kwenye soli za kandambili. Akalipapasa taratibu, akanirudishia.

“Zuri, Mama Hoza,” akasema kwa upole. “Ila si lile.”

Kweli, lilikuwa jipya mno. Nikaanza kulizeesha. Nikalipaka chai ya rangi iliyokolea, chumvi na unga wa tofali lipate kutu. Nikalibonyeza kwa nyundo. Nikalipaka gundi ya mbao na kulinyunyizia mchanga, mwili wake ukwaruze vidole kama ule wa zamani. Kila nikimpelekea ananirudishia, na kila akinirudishia ananishukuru. Shukrani hizo ndizo zilizonichosha, kuliko hata mgongo. Jana nikajiambia, hii ndiyo mara ya mwisho. Akilikataa, nawapa watoto wa jirani wakalivute kwa kamba, na mimi nakaa kando yake, tutazame ukuta pamoja.

Basi, lori likafungua mlango mmoja, kama mtu anayepiga miayo, likasema:

“Mke mwenza, acha kunigonga.”

“Sikugongi,” nikasema. “Nakuzeesha.”

“Na mimi nikuzeeshe wewe kwa nyundo?”

Nikaliuliza nani kaliruhusu kuniita mke mwenza.

“Kwa wiki alikuwa analala kwako mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Na hizo nyingine alikuwa analala wapi?”

Nikaiweka nyundo mkekani.

“Basi nipe heshima yangu,” likasema.

Sikukasirika. Lilikuwa na sauti ya mtu aliyebeba mizigo ya wengine siku zote. Nikaliambia pole. Likasema asante, na pole na wewe.

Mara pakapigwa hodi. Alikuwa Kutu. Nilimjua kwa koti lake la kahawia lililokuwa likipukutika mabegani. Kwa kuwa ni mkubwa kuliko sisi sote, nikamwamkia.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mama. Hamjambo humu?”

Nikampa kigoda. Alipokikalia tu, misumari yake ikawa vumbi. Akaomba radhi, akakaa chini.

“Nasikia kuna mtu ananichora kwa majani ya chai,” akasema.

“Ni mimi.”

“Ungeniita tu. Mimi siitwi mara mbili.” Akalishika lori, akaligeuza, akaguna. “Kovu hili limetoka wapi?”

“Kwenye nyundo.”

“Ndiyo shida. Kovu huchukuliwa mahali lilipopatikana. Inuka, twende.”

Nikamwambia siwezi kupanda, lori ni dogo. Akaniuliza kipimo. Nikamjibu moja kwa ishirini, kama alivyonifundisha jirani yetu Mbelwa, fundi wa makabati: ukishachagua kipimo, kila kitu kigawanye vilevile, usipendelee.

“Basi na wewe jigawanye,” akasema Kutu.

Nikajigawanya. Hakukuwa na maumivu. Kanga yangu ikapungua pamoja nami, maneno yake yakawa madogo hata sikuweza kuyasoma. Nikapanda upande wa abiria, na papo hapo springi zikalala, lori likainama.

“Mama,” akasema Kutu, “umegawanya mwili, uchovu umeuacha mzima.”

Ilikuwa kweli. Nikaugawanya na uchovu. Nikabaki na sehemu moja, zile kumi na tisa zikashuka zenyewe, zikakaa kwenye nyasi nje. Zote zilikuwa mimi. Zilivua viatu, zikaanza kusuguana visigino. Hakuna iliyouliza tunakwenda wapi.

Sasa tuko barabarani. Jikoni hakupo tena. Kiti cha dereva ni kitupu, usukani unajizungusha, Kutu amekaa katikati na koti lake linajaa sakafuni. Tunateremka mlima na magogo nyuma.

Kona imesimama katikati ya barabara, imekunja mikono.

“Mnatafuta nini?” inauliza.

“Kovu la bampa,” nasema.

“La bampa nililitia mimi, upande wa kulia. Mbona wewe umelitia kushoto?”

Naona aibu. Naieleza kona kwamba mimi nilikuwa naliona lori kutoka barazani kwetu, linapoingia jioni. Upande unaoelekea nyumba ulikuwa wa kushoto. Kwa hiyo makovu yote niliyaweka kushoto, kwa kuwa ndiko nilikokuwa nimesimama.

“Na sisi tulioko kulia?” kona inauliza. “Hatukufanya kazi?”

“Mlifanya. Nisameheni.”

“Yamekwisha. Jishike vizuri.” Inatugonga mara moja, kwa kipimo. Bampa linapinda panapostahili, na lile bonyeo langu la nyundo linafutika lenyewe upande wa pili.

“Asante,” nasema.

“Msalimie dereva. Alikuwa akinipigia honi hata kama hakuna mtu. Wengine hawasalimii.”

Tunaendelea. Jiwe linatukwaruza ubavuni, linatuombea safari njema. Gogo linateleza nyuma na kuvunja ubao wa bodi, linatutaka radhi. Mvua inakuja, inauliza paa linavujia wapi, inaonyeshwa, inaingia hapohapo bila kumwaga pengine. Kutu anaifuata nyuma, anapaka kwa kidole kimoja. Hana haraka. Nafikiri sijawahi kuona mtu anayefanya kazi yake kwa utaratibu hivyo.

Tukafika chini. Kutu akafuta mikono kwenye koti, koti likapungua.

“Haya, mama. Fumba macho ulishike kama atakavyolishika yeye. Ndilo?”

Nikafumba macho. Nikalipapasa lori lote, na nilipokuwa nalipapasa lilikuwa dogo na kubwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikunisumbua. Bampa lilikuwa sawa. Ubavu ulikuwa sawa. Mdomo wangu ukasema kabla sijauruhusu:

“Si lile.”

Lori likapiga honi ndogo, ya aibu.

“Mimi najua kula tu,” akasema Kutu akishuka. “Mahali pangu pote umepapata. Kilichobaki hakikuliwa, kimefanyiwa kitu kingine. Waulizane wake wenza.” Akaenda zake akipukutika.

Nikakaa palepale. Nilitaka kulia, lakini na machozi nilikuwa nimeyagawanya, yakatoka kama jasho la sisimizi.

“Mimi nimechoka,” nikaliambia lori. “Nishushe nyumbani.”

“Tupo nyumbani,” likasema.

Ni uani kwetu. Ni alfajiri, kuna ukungu, injini inaunguruma polepole. Mimi sipo tena kwenye kiti cha abiria. Nimesimama kulia, juu ya kikanyagio cha mlango wa dereva, kitambaa cha viazi vya kuchemsha mkono mmoja na chupa ya chai kwapani, kama nilivyosimama kila alfajiri aliyoondoka. Upande huu! Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuufikia upande huu.

Ili nisianguke, mkono wa pili umeshika ukingo wa dirisha lake, vidole vinne vimeulalia.

“Hapo,” lori linasema. “Hapo ulipopashika.”

“Pana nini?”

“Rangi ilikwisha mapema sana, pakawa laini. Kila gereji fundi alitaka kupapaka upya. Mume wetu alikuwa anamkatalia. ‘Paka kwingine kote,’ anasema, ‘hapo acha.’ Na safari nzima kiwiko chake alikiweka nyuma kidogo, asipafunike.”

“Hakuwahi kuniambia.”

“Angekuambia saa ngapi? Ukishampa viazi ulikuwa unakimbilia kuosha masufuria.”

“Na wewe mbona hukuniambia?”

“Mke mwenza,” likasema lori, “na mimi nilikuwa na wivu wangu.”

Nikacheka, nikiwa nimechoka vilevile. Nikashika ukingo ule. Ulikuwa wa moto kidogo, kama kikombe kilichoachwa dakika chache. Nikakaza vidole. Lori likasema kaza zaidi, muda ni mchache, nikakaza mpaka mchanga ukanichoma na kisha ukaacha kunichoma.

Nikaamka. Kumekucha, kuku wako mlangoni. Mapajani hakuna lori, na kwenye mkeka hakuna lori.

Nikaenda chumbani nikishika kiuno. Baba Hoza alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo ameupa ukuta. Lori liko magotini pake.

“Nilipapasa ukuta mpaka jikoni,” akasema. “Ulikuwa unakoroma, sikutaka kukuamsha.”

“Ungejikwaa.”

“Nimejikwaa.” Kidole gumba chake kilikuwa kwenye mlango wa kulia, kinakwenda na kurudi. “Mama Hoza, hapa umepasugua na nini?”

Nikainama. Jana mlango ule wote niliufunika gundi na mchanga kwa mkono wangu. Sasa, kwenye ukingo wa dirisha la dereva, palikuwa na vidoa vinne vya bati tupu, vimejipanga, vinang’aa, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi. Hakuna msasa wala ncha ya sindano ya kufanya kazi ile.

“Sikupasugua,” nikasema.

“Ni vidole,” akasema. “Vinne.”

Akavipitia tena, kimoja kimoja. Kisha akalikumbatia lori kifuani, akaugeuza uso wake kunifuata pale nilipokuwa.

“Ndilo,” akasema. “Haya, leo umenifungia nini?”

“Viazi,” nikamwambia, na hata moto nilikuwa sijawasha.