Kompyuta Sita za Uongo

Mume wangu hawezi kumfungia mtu mlango. Yeyote akibisha na kusema ametumwa na mjomba, huyo ni mgeni wetu hadi Jumapili, na wa kumtandikia kitanda ni mimi. Kwa hiyo nilijua mapema wapi nitampata.

Yeye ndiye aliyeunda mtandao wa akiba ya damu. Hospitali tano, kila moja na kompyuta yake inayohesabu chupa zilizopo. Zikitofautiana hupiga kura, na jibu lenye kura nyingi ndilo linaloaminiwa. Mimi kazi yangu ni kuvamia mifumo kama hiyo kabla wahalifu hawajaivamia. Mkurugenzi wetu alinikabidhi huu kwa sharti moja: nyumbani, kimya. Fundi akionywa ataziba tundu moja haraka haraka, na mengine hatutayajua.

Basi, kwenye mtandao wa majaribio nikaunda kompyuta ya uongo. Ikabisha, ikajitambulisha kuwa ya hospitali mpya, ikapokelewa bila kuulizwa kitambulisho. Mbaya zaidi, ikaruhusiwa kuleta wenzake. Ikaleta watano. Sita dhidi ya tano: zikasema damu ipo tele, na mfumo mzima ukaamini, hata kwa hospitali ambayo friji yake haikuwa na chupa hata moja. Nilichukia, maana ilikuwa ni roho nyeupe ile ile niliyoolewa nayo.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano nikampakulia chakula kama kawaida. Alhamisi akanieleza kwa kirefu atakavyopandishwa cheo mfumo ukipita. Nikamwambia Mungu akipenda.

Ijumaa nikawaonyesha wakubwa, naye ameketi pale pale. Hakupepesa macho. Mkurugenzi akamuuliza kama ana la kupinga.

"Sina," akasema. "Yuko sahihi. Uzinduzi uahirishwe."

Cheo kikaenda na maji hapo hapo.

Garini aliendesha mpaka tulipofika barabara kuu, ndipo akauliza.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumanne."

"Na jana nikapiga domo lote lile, ukaniacha tu."

"Ni kazi, baba watoto."

"Kazi sina neno nayo. Ungeniambia ningeziba usiku ule ule, najua. Kinachoniuma ni kwamba sikukushtukia hata kidogo."

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini msamaha wa nini hasa? Nilikuwa nimefanya kazi yangu, na nilikuwa nimemuumiza. Yote mawili yalikuwa kweli.

Akapunguza mwendo nyuma ya lori.

"Kuna tundu lingine?"

Lilikuwepo, kubwa kuliko lile. Ripoti yake ilikuwa ya kutolewa Jumatatu ijayo. Nikageukia dirisha, nikatazama maduka yakipita.

"Haya," akasema. "Nimeelewa."

Akawasha redio.