Malaria ya Ndege

Katekista Thadeus alitangaza baada ya Misa: "Jumanne wanakuja wataalamu wa malaria ya ndege. Tuwape ushirikiano." Kanisa zima likageuka kumtazama mzee Ildefonce.

Hapo Kirua Vunjo, yeye pekee ndiye aliyewahi kupanda ndege. Alitoka uwanja wa KIA kwenda Dar kwenye harusi ya mwanawe, na tangu hapo hapakuwa na mtu kilabuni asiyejua mawingu yanafananaje kwa juu. Jumapili hiyo alitoka kanisani watu wakimpisha njia. Nyumbani, mkewe Mektrida alihamishia mto wake chumba cha pili.

"Nilikuambia upande basi," alisema.

Mzee alijipima joto kwa kiganja mara nyingi, na kila mara akajiona wa moto. Lakini kufika Jumatatu jioni hofu ilikuwa imechanganyika na fahari kidogo. Si kila mtu hufuatwa na wataalamu mpaka kwake.

Jumanne alivaa koti la harusi, akaketi uani, mkono mmoja ameutoa nje ya koti na kukunja shati. Akaingia binti mmoja mwenye begi kubwa.

"Shikamoo, babu. Naitwa Hilda, natoka Moshi mjini. Ni kuhusu mbu."

"Marahaba. Toa damu tu, mwanangu. Sifichi kitu, nilikaa dirishani."

"Dirisha gani, babu?"

"La ndege!"

Hilda aliutazama ule mkono, akalitazama koti, kisha akauma midomo. "Babu, ni hawa ndege wenye manyoya. Wa porini. Nao wana malaria yao, ila haimpati mtu. Tunataka kujua mbu gani anawaambukiza."

Mektrida alicheka mpaka akakalia ndoo ya maziwa. Ildefonce alishusha shati polepole. Alishukuru Mungu, kweli, lakini alijihisi kama mtu aliyeitwa meza kuu kisha akaambiwa kiti ni cha mwingine.

Ili asibaki bure na koti lake, alimwonyesha Hilda mahali pa kutega: kwenye migomba karibu na mfereji, ambako mbu humla kila jioni. Hilda akatundika mtego wenye taa ndogo na feni ya betri.

Asubuhi mfuko wa mtego ulikuwa umejaa. Hilda aliweka hadubini barazani, mzee akainamia.

"Huyu mwenye vipapasio kama manyoya ni dume, hana shida. Wanaonyonya damu ni majike tu."

Ildefonce alimtazama mkewe, akaona ni busara kunyamaza.

Hilda akainua kichupa chenye mbu hai. "Wa malaria yetu hutua amebinua mkia. Huyu amelala sambamba na kioo. Ni mbu aitwaye kuleksi, ndiye tunayemshuku. Kama ana vimelea vya ndege, maabara ndiyo itasema."

"Na ndege akiugua?"

"Hunyong'onyea, babu. Wengine hufa."

Mzee akatikisa kichwa, akawasikiliza ndege shore waliokuwa wakipiga kelele migombani.

Hilda alipokwenda kufungua mtego, Mektrida alimzuia. Hakuwa amelala bila kuumwa na mbu namna ile tangu mvua zianze. "Mbu wa ndege umeshapata. Huu tuachie."

"Bibi, ni mali ya ofisi. Labda hadi Ijumaa."

Akateremka mjini na vichupa vyake na mkungu wa ndizi mshare. Ijumaa hiyo, kwa hesabu ya Mektrida, bado haijafika.