Vikapu Vitatu vya Mwisho

Eustache alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga uwanja ule maisha yake yote. Watu wazima na ndevu zao, wanarusha visahani vya plastiki kwenye vikapu vya chuma, halafu wanadai ni gofu! Lakini alasiri hiyo ya Jumamosi alikuwa anapita kwenye nyasi zilizomfika magotini, nyuma ya maghorofa ya Kingsview Village, Toronto, viatu vyake vya kanisani vikilowa, akimtafuta mpwa wake Patrick.

Alikuwa na kazi moja tu: amfikishe kijana nyumbani kabla hajajua kwamba mama yake amefariki.

Marehemu Godelive alikuwa dada yake Eustache, tumbo moja. Alifia Uvira, Kongo, usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwao mtu hapewi msiba njiani, wala kwenye simu, wala akiwa peke yake. Hupewa kwanza ugonjwa, ili moyo ujiandae. Kifo huja baadaye, akiwa ameketi, amezungukwa na watu wa kumshika. Ndivyo Eustache alivyoambiwa habari za baba yake, na ndivyo yeye alivyowaambia wengine. Sebuleni kwake mchungaji alishafika, akina mama wa kwaya walikuwa wanapanga viti, na kila mmoja alikuwa ameonywa asiweke picha ya marehemu mtandaoni.

Patrick alikuwa kwenye kikapu cha sita. Kukiita kikapu ni kukiheshimu: minyororo ya kunasia visahani ilikuwa imebaki michache, imeliwa na kutu, na nguzo yenyewe imeinama kama mlevi. Kile cha nane kiliibwa zamani, wachezaji wakaegesha toroli la supamaketi mahali pake. Ukiutazama uwanja ule ungesema hakuna anayeutunza. Patrick aliupenda hivyo hivyo.

"Mujomba!" Alicheka hadi akainama. "Unakuya kucheza? Leo theluji itaanguka!"

"Nakuya kukutwala. Twende nyumbani."

"Kunabakia vikapu tatu tu. Tumalize kwanza."

Eustache akasema kile alichotumwa kusema. "Patrick, mama yako eko mugonjwa. Eko mugonjwa sana."

Akasogea karibu, mikono tayari. Mtu aliyekulia kwao angeacha kila kitu pale pale akakimbilia nyumbani. Lakini Patrick alikuja Toronto na mjomba wake akiwa mtoto wa miaka minane. Misiba yote ya ukoo ilimkuta huku, na kila mara wakubwa walimfungia chumbani na katuni. Wa kumfundisha mambo haya alikuwa nani kama si Eustache mwenyewe?

"Maskini Maman. Ni malaria tena?" Uso ulimshuka kidogo, kisha akaokota kisahani chekundu akamtia mjomba wake mkononi. "Ile ya saba iko karibu. Rusha weye. Ikiingia, Maman anapona."

"Patrick, hapana."

"Mara moja tu. Kwa ajili yake."

Eustache angeweza kukataa. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakukataa. Pengine mkono nao ulitaka kusadiki. Alirusha vibaya, kama mtu anayemtupia kuku pumba, na kisahani kikayumba, kikagonga tawi, kikageuka, kikaanguka ndani ya kikapu kwa kelele za kutu.

Patrick alipiga ukelele wa furaha. Akamkumbatia, akamwinua kidogo kutoka ardhini, na kabla Eustache hajapata pumzi kijana alishatoa simu, akaisogeza mdomoni, akarekodi ujumbe wa sauti.

"Maman! Mujomba amerusha leo, mara ya kwanza, na imeingia! Basi utapona. Tukimaliza nakupigia. Nakupenda."

Ujumbe ukaenda. Maneno yote ambayo Eustache alipewa na wazee yalikuwa ya sebuleni. Punde alama za ujumbe zikageuka za bluu.

"Amesikiliza!" Patrick alisema. "Unaona? Eko na nguvu ya kushika simu."

Eustache alijua ni nani aliyeishika: mdogo wao Épiphanie, aliyeachiwa simu ya marehemu ili awaarifu jamaa. Alijua pia kwamba Épiphanie hawezi kuisikia sauti ile akanyamaza. Kwenye kioo cha simu ikaonekana kwamba upande wa pili kuna mtu anarekodi jibu. Patrick akaisogeza simu sikioni, anatabasamu, anasubiri.

Eustache akampokonya.

"Mujomba, rudisha! Maman anajibu."

"Haiko yeye." Eustache aliificha simu nyuma yake. "Haiko yeye, Patrick. Maman alikufa jana usiku."

Hapakuwa na kiti, wala mchungaji, wala mwanamke wa kumfunga mtu kanga kiunoni. Ndege ilipita chini ikienda kutua, na chini ya ngurumo yake Eustache akajisikia anasema dada yangu, dada yangu, kana kwamba ndiyo kwanza ameambiwa. Hakuwa ametoa chozi tangu alfajiri. Aliyeanguka alikuwa yeye. Patrick ndiye aliyemdaka, akamshikilia kifuani pale kwenye nyasi.

"Ulijua," kijana alisema. "Ulijua, na umeniacha nicheze."