Ordinateur Yenye Nililaza na Fromage

Wamama wenzangu wenye muko na watoto ku université, mimi Libérata wa hapa Masisi ninawaandikia kitu yenye nilifanya na mikono yangu. Musome, kisha mujiangalie.

Mutoto wangu Natacha anasomea gestion, masomo ya kuongoza biashara, kule Goma. Alirudi ku likizo na barua ya shule: mpaka Ijumaa saa sita ya muchana, kila mwanafunzi atume ku mashini njia yenye anachagua kwa miaka yenye inabakia. Njia ni tatu: kazi ya benki, kazi ya kutangaza bidhaa, ao kufungua biashara yako mwenyewe. Mwenye hatume, mwaka unamupotea. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Ordinateur yake, kompyuta ya kubeba, iko ndogo, unaifunga mu kitenge sawa Biblia. Baba yake, Makuza, aliuza ndama juu yake. Kila mara anaiona anasema, "Ile ndama ilikuwa na macho mazuri kupita hii."

"Unachagua nini?" nikamuuliza Natacha.

"Mama, sijue. Ninataka kwanza niangalie video za watu wenye wanafanya izo kazi. Nilizibeba toka Goma."

"Video? Shule haikufundishe?"

"Shule inafundisha hesabu, Mama. Haiseme kama utakuwa na furaha."

Niliona ni uvivu. Nikaikaa pembeni yake, nikisema nitamukamata akicheza. Na pale njo nilipotelea.

Video ya kwanza, papa mmoja, mwanaume muzima wa kuvaa tai ku shingo, alisema benki ni kazi ya heshima, mushahara mpaka uzee. Nikasema, "Natacha, andika benki." Ya pili, binti mmoja akasema mashini zitafanya kazi yote ya benki, watu watabakia kufungua mulango na kufunga. Nikasema, "Usiandike!" Ya tatu, mama mmoja anauza maziwa ya ng'ombe zake mwenyewe, anacheka, meno yake yote iko. Uyu alinigusa, juu sisi pia maziwa tunaigeuza fromage, ile jibini ya kwetu, na muchuuzi njo anakula faida. "Andika biashara yako mwenyewe, na leo!" Ya ine, kijana analia, biashara yake ilikufa.

"Weka ingine," nikasema.

"Mama, si ulisema video ni uvivu?"

"Weka ingine moja tu."

Jumatano ilipita vile. Alhamisi pia. Maziwa yenye niliweka ku moto nikaisahau, ikashikana ngumu sawa tofali. Makuza akaangalia ndani ya sufuria. "Libérata, na wewe ulijiandikisha ku gestion?" Natacha akacheka, lakini macho yake haikucheka.

"Mama," akaniambia, "mbele nilikuwa na wazo moja. Sasa niko nayo mingi, na hata moja haiko yangu."

Sikumuuliza ile ya mbele ilikuwa gani. Tulikuwa katikati ya video ya papa mmoja wa miwani, mwenye aliahidi kutoa ulizo moja yenye inamaliza mashaka yote. Makuza akatuita tukule, tukamuacha papa na ulizo yake mu kinywa.

Kisha kukula, nikagusa ile ordinateur. Ilikuwa moto sawa maziwa yenye inatoka ku ng'ombe. Kwetu kitu ya moto unaipeleka pa baridi, ipumuzike, isiharibike. Nikaifunga mu kitambaa safi, nikaibeba mu chumba ya fromage, nikaiweka ku ubao katikati ya fromage changa, zile zenye zingali zinatoa maji ya chumvi. Niliona nimefanya akili.

Ijumaa asubui, Natacha anauliza, "Mama, mashini iko wapi?"

"Inalala na fromage."

Alikimbia. Kitambaa ilikuwa imeloa. Akabonyeza, hapana. Akaipindua, maji ya chumvi ikatoka kati ya herufi, tone, tone. Hakunitukana. Afazali angenitukana.

"Mama, saa sita," akasema tu.

Simu yetu ni ile ya tochi, haina internet ya kutuma kitu. Nikamuita Honoré, jirani mwenye anabeba watu ku pikipiki, atushushe mpaka centre, kule mu mji.

"Njia imekuwa supu," akasema. "Mushikane vizuri. Na Mama Natacha asiombe kwa sauti, ananitisha."

Tulifika zikibakia dakika kumi. Ku nyumba yenye wanapigisha makaratasi na kutuma mambo ku mashini kulikuwa mulolongo. Natacha akaikaa mbele ya mashini yao, njia tatu zikatokea. Akanigeukia.

"Mama?"

Wale watu wote wa video wakaanza kusema pamoja mu kichwa yangu: tai, meno, kijana wa machozi. Nikasema, "Sijue, mutoto wangu."

Papa mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Dada, unaandika ao unasali novena?" Watu wakacheka. Natacha akabonyeza ya kwanza ku orodha. Benki. Aliichagua juu ilikuwa ya kwanza.

Wakati wa kurudi nikamuuliza, "Ile wazo yako ya mbele ilikuwa gani?"

"Kuuza fromage yetu mwenyewe, Mama. Na kuifanyia video."

Honoré akajifanya hasikie.

Makuza alizika ordinateur mu kitunga ya maharagi makavu, eti maharagi inakunywa maji. Jumapili nyuma ya misa, Natacha akaitoa, akabonyeza. Ikawaka! Na ule papa wa miwani akaendelea pale tulimuachia: "...njo maana, mbele ya kuchagua, kila mutu ajiulize kwanza..."

Natacha akaifunga pa! Akakamata ndoo, akaenda kukamua.

Na mimi, wamama, musinicheke: mukono yangu ilikuwa tayari inaenda kuifungua.