Njia ya Hobsley Yapita Sebuleni

Saa kumi na moja na robo jioni Bi Sikuzani alikuwa anaepua wali wa nazi pale barua ya shirika la nyumba ilipotumbukizwa mlangoni. Aliisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi. Ilisema nyumba kumi na nane za mtaa ule zitabomolewa, yatajengwa maghorofa, na wapangaji watahamishiwa Washwood Heath, upande wa pili kabisa wa Birmingham. Ilimshukuru kwa uvumilivu wake, ingawa hakuna aliyekuwa amemwomba kuvumilia chochote bado. Akaiweka juu ya friji, akapakua, kisha akasogeza kiti chake upande wa dirisha kwa sababu watu wa Hobsley walikuwa wanakaribia kupita.

Walipita kwa saa yao, arobaini na mmoja, mmoja nyuma ya mwingine. Walitokea kwenye ukuta uliomtenganisha na jirani yake Milka, wakapita kati ya kochi na televisheni, wakaingia jikoni, wakalizunguka jiko la gesi kwa sababu aliwahi kuwaomba, na wakatokea uani kuelekea kanisani. Wanaume walivaa kofia bapa, wanawake aproni zilizotobolewa na cheche za moto. Wote walikuwa wamekufa. Wa mwisho wao alikufa mwaka 1923, kwa kichomi. Waliacha matope mekundu, ndiyo maana kati ya kochi na televisheni palitandikwa mkeka wa plastiki kutoka maduka ya Balsall Heath, ambao Bi Sikuzani aliupangusa kila Jumamosi, akinung'unika kidogo.

Hobsley kilikuwa kijiji. Sasa ni jina la kituo cha basi na la baa iliyofungwa. Kilikuwa na kanisa, bustani za matufaha na familia kumi na mbili zilizofua misumari nyuma ya nyumba zao, mama akiwa nyundoni na mtoto mvukutoni. Mwaka 1911 jiji lilitanua mipaka yake likakimeza. Siku hiyo halikusogezwa hata tofali moja, yalibadilika maandishi tu. Kisha bustani zikapandwa nyumba, kiwanda cha magari cha Longbridge kikachukua wanaume, na mwaka 1953 ukajengwa mtaa huu juu ya malisho ya mwisho. Njia ya miguu iliyotoka kwenye matanuru ya misumari kwenda kanisani ilifungwa kihalali, kwa amri ya mahakama. Waliokuwa wakiitumia hawakupewa taarifa, kwa kuwa walikuwa makaburini, na waliendelea kuitumia.

Wapangaji waliotangulia walipandisha sauti ya televisheni, watu wakipita, wakatazama mbele. Bi Sikuzani alihamia mwaka 1993, na wiki ile ile ya kwanza alikuwa mezani anakula alipomwona mzee mwenye buti za matope akikatiza sebuleni. Kwao Tanga huwezi kuwa unakula, mtu akapita, ukanyamaza. Unamwambia karibu. Naye anajibu starehe, anaenda zake, na chakula chako kinabaki salama. Adabu hiyo ni ya watu wawili, kila mmoja ana sehemu yake. Bi Sikuzani alisema yake, akaisema kwa Kiingereza ili aeleweke: karibu, njoo ule. Mzee hakuwa na habari kwamba alipaswa kukataa. Alivua kofia, akavuta kiti, akatoa kisu chake mfukoni.

Ndiye Mzee Walter, aliyekuwa mfua misumari na mkata ua wa miiba. Alikula wali wa nazi na maharage, akasema mama yake alipika wali wa maziwa siku za sikukuu, ila maharage hakuwahi kuyaona humo. Idarous, mume wa Bi Sikuzani, aliporudi kutoka kiwandani Longbridge alimkuta marehemu kwenye kiti chake. Akamsalimia, akaenda kuchukua sahani nyingine. Tangu hapo, kila jioni kwa miaka thelathini na moja, Bi Sikuzani aliwakaribisha wote wanaopita, kwa majina, na kila jioni alikaa Walter peke yake.

Idarous alifariki mwaka 2011, kwenye kochi lile lile. Eda ilipokwisha, Bi Sikuzani alimuuliza Walter kama mumewe hatapita siku moja. Walter alijibu kwa upole kwamba hapo hupita watu wa Hobsley tu. Bi Sikuzani alisema Idarous aliishi hapo miaka kumi na minane. Walter akasema anajua, alikuwa anamwona. Jibu hilo lilimuuma sana, na hakulisahau, lakini kesho yake alipika kama kawaida. Hakutaka kuihama nyumba ile. Sebule ile ndiyo mahali pa mwisho mumewe alipomwita kwa jina, na kwa Bi Sikuzani hoja hiyo ilitosha, ingawa kwenye fomu za shirika la nyumba haikuwa na kisanduku chake.

Aliyepata wazo ni Milka, jirani, nesi kutoka Eldoret, ambaye ukuta wake ndio uliokuwa ukipitisha watu. Alikuja akitoka zamu, sare bado mwilini.

"Mama Zule, hii maneno iko na form," alimwambia Bi Sikuzani. "Nimesoma kwa break. Path ikitumiwa twenty years bila mtu kuifunga, inakuwa ya public. Hakuna mtu anaweza jenga juu yake. Na hawa watu wako wamepita hapa hata kabla babu yangu azaliwe."

Walijaza fomu arobaini na moja, moja kwa kila marehemu, kwenye meza ya kulia chakula. Wengi wa mashahidi hawakujua kuandika, wakaweka alama ya msalaba. Kulwant, afisa wa shirika la nyumba, kijana mstaarabu aliyezoea kutumwa kupeleka habari mbaya, alizirudisha mara moja. Pingamizi lake halikuwa kwamba watu hao wamekufa. Hawakuwa wameandika msimbo wa posta. Zuleha, binti wa Bi Sikuzani, aliukopa ule wa kanisa kwa sababu ndiko walikozikwa, na fomu zikapokelewa.

Kesi ilisikilizwa Machi, asubuhi ya Jumanne, kwenye ukumbi wa kanisa. Mkaguzi aliyetumwa na serikali alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, aliyekuwa na kesi nyingine saa nane huko Coventry. Wafu walikaa safu tatu za nyuma, kofia mapajani. Mkaguzi aliwaomba waseme kwa sauti kwa ajili ya kinasa sauti. Bibi mmoja alieleza jinsi alivyopita njia ile na kikapu cha misumari hadi wiki ya kujifungua, na jinsi alivyoipita tena akiwa ndani ya jeneza. Mkaguzi aliuliza kama ile ya pili ilikuwa kwa miguu. Bibi akasema hapana, na safari hiyo ikafutwa kwenye hesabu.

Walter aliulizwa kuhusu mwaka 1911.

"Walikuja watu wawili kutoka jijini," alisema. "Wakatuambia hakuna kitakachobadilika isipokuwa jina kwenye barua. Tukasema sawa, sisi hatupati barua."

Ilikuwa inakwenda vizuri. Milka, aliyeomba ruhusa kazini, alimfinya Bi Sikuzani mkono kwa furaha. Kisha mkaguzi akamwita Bi Sikuzani mwenyewe, akamuuliza kama watu hawa walipopita sebuleni kwake aliwahi kuwazuia. Akasema hapana. Akaulizwa kama basi aliwaacha tu.

Hapo Bi Sikuzani alijisikia kudharauliwa. Aliketi wima.

"Sikuwaacha tu," alisema. "Niliwakaribisha. Kila siku, na kila mmoja kwa jina lake. Mimi sikulelewa kula huku mtu anapita nisimwambie karibu."

"Mum," alisema Zuleha taratibu kutoka nyuma. "Please don't."

Lakini alikuwa ameshasema, na alikuwa ameapa kusema kweli. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kulwant aliangalia viatu vyake, kwa kuwa alikuwa ameielewa sheria kabla ya wengine na hakufurahi. Mkaguzi akapenga kamasi, akaeleza. Miaka ishirini inayohesabiwa ni ya mwisho, kurudi nyuma kuanzia siku njia ilipotiliwa shaka, yaani siku barua ya kubomoa ilipofika. Na ndani ya miaka hiyo watu wawe wamepita bila ruhusa ya mtu. Aliyekaribishwa ni mgeni, na mgeni hajengi haki ya njia hata apite miaka mia. Wapangaji wa mwanzo, wale waliopandisha sauti ya televisheni, kama wangeleta shauri hili siku zao wangeshinda asubuhi moja. Aliyewakosesha watu hawa njia yao alikuwa huyu mama.

Hakulisema kwa ubaya. Aliongeza hata kwamba, yeye binafsi, hajawahi kusikia ukarimu wa namna hiyo. Kisha akakusanya karatasi zake akawahi treni ya Coventry.

Nyumbani, Bi Sikuzani alikaa jikoni bila kuvua koti. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Mama yake alikuwa amekufa, yule aliyemfundisha kukaribisha watu. Milka alichemsha chai, akasema hata kwao ni hivyo hivyo, mtu akikupata ukikula lazima umwambie karibu, na kwamba yeye pia angejibu vile vile. Huenda ilikuwa kweli. Zuleha alisema ataandika rufaa, akaandika, na baada ya wiki tatu ikajibiwa kwa mistari minne.

Uamuzi ulipokuwa wa mwisho, Walter alikuja peke yake, kabla ya wenzake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakukaa. Alikuwa amelifikiria neno la mkaguzi, kwa kuwa alikuwa na nafasi ya kufikiri. Alisema kama wao ni wageni wa Bi Sikuzani, basi akihama nao hawana tena mahali pa kupita. Lakini kama angewakataza kabla hajatoa funguo, kwa maneno, mbele ya shahidi, kuanzia hapo watakuwa wanapita bila ruhusa, na miaka ishirini itaanza kuhesabiwa.

"Sisi tunaweza kungoja," alisema.

Bi Sikuzani alikataa. Alisema yote, ila siyo hilo. Walter alitikisa kichwa akaondoka, na kesho yake alirudi na ombi lile lile, na kesho kutwa pia. Siku ya nne Bi Sikuzani alimuuliza kwa nini wanaihangaikia njia hiyo, maana kanisa lenyewe halina ibada ya jioni tangu zamani. Walter akasema ndicho kitu pekee cha Hobsley ambacho jiji lilisahau kukichukua.

Jioni ya mwisho masanduku yalikuwa yameshafungwa na mkeka umekunjwa. Zuleha alikaa kwenye ngazi na daftari, kama shahidi. Bi Sikuzani aliwasha jiko, akapika wali na maharage, akajipakulia, akakaa. Milka alikuwa amemweleza kwamba lazima awe anakula kweli, vinginevyo mkaguzi wa baadaye anaweza kusema halikuwa kusudio lake kuwakataza. Walipotokea ukutani, alisema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyosikika hadi uani, kwamba hamkaribishi mtu yeyote, na kwamba hampi yeyote ruhusa ya kupita nyumbani kwake. Kisha akainamisha kichwa, akala.

Walipita arobaini na mmoja. Matope yao yalibaki kwenye zulia tupu. Walikuwa watu wa kijijini, wenye haya, na baadhi ya wanawake walitaka kumgusa bega wakajizuia. Walter alipita wa mwisho, kofia kichwani. Bi Sikuzani alisikia buti zake zikilizunguka jiko la gesi kama alivyowaomba zamani, akamega tonge jingine. Zuleha aliandika tarehe, saa na idadi, halafu akaja akamkumbatia mama yake kwa nyuma.

Asubuhi Kulwant alifika na fomu ya kurudisha nyumba. Nje mafundi walikuwa wanachimbia nguzo za uzio, na kwenye bango la mbao palishachorwa picha ya maghorofa. Yataitwa Mashamba ya Hobsley, kwa heshima ya historia ya mahali hapo. Kila ghorofa litapewa jina la kazi ya zamani, na la kwanza litakuwa la wafua misumari. Kulwant alisema kamati ya urithi ilisisitiza jambo hilo. Alibeba sanduku moja hadi kwenye gari la Zuleha bila kuombwa.

Bi Sikuzani alimpa daftari alisome. Kulwant alisoma ukurasa wenyewe mara mbili, akasema liko sawa kisheria, akalipiga picha kwa simu liingie kwenye faili. Bi Sikuzani akamuuliza, baada ya miaka ishirini, watu hawa wakishinda njia yao, hayo maghorofa yatakayokuwa juu yake yatafanywaje.

Kulwant alikuwa mkweli. Alisema kwa anavyoelewa, upande ule utalazimika kuvunjwa.

"Na watu watakaokuwa wanaishi ndani?"

"Watahamishwa," alisema Kulwant, na akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi.