Mablanketi ya Ukaguzi

Tarsis, mnyapara wa kambi katika shamba moja la miti ya miwati karibu na Njombe, alikuwa mtu wa kutii amri, na amri ya safari hii ilimtoa jasho katikati ya kipupwe. Bwana Kazi, mkaguzi wa serikali, alikuwa anakuja kutoka Makambako kutazama malazi ya wafanyakazi. Sheria ilitaka kila mtu awe na kitanda chake na dirisha lifunguke. Pale kambini watu walilala chini wamebanana, na dirisha walikuwa wameliziba kwa udongo kuzuia baridi.

"Iko watu mingi sana," meneja wa shamba, Mzungu, alimwambia. "Ficha nusu."

Tarsis akaazima vitanda na mablanketi misheni. Asubuhi ya ukaguzi akazibua dirisha, akafagia, kisha akawapeleka nusu ya watu kujificha ndani ya miwati. Ukungu ulikuwa mzito na manyunyu hayakatiki.

"Mnyapara," alilalamika Nahumu, Mkinga mmoja mwenye mwili mkubwa, "mablanketi yabaki ndani, sisi tukae nje?"

"Ni kwa muda mfupi tu. Nenda!"

Tarsis akaenda getini pamoja na meneja kumpokea mgeni. Aliporudi nao na kufungua mlango, alitaka kuufunga tena. Kila kitanda kilikuwa na vichwa viwili, kimoja huku na kimoja kule, na mablanketi yamevutwa hadi kidevuni.

"Hawa wana nini?" akauliza Bwana Kazi.

"Mafua, bwana," Tarsis akaropoka.

"Wote?" Bwana Kazi akarudi nyuma, kitambaa puani. "Basi shamba lifungwe. Asitoke mtu, hata meneja, mpaka daktari aje."

Meneja akawa mwekundu kama pilipili. Malori ya magome ya miwati yalikuwa yanasubiri kuondoka.

"Hapana gonjwa! Hii watu iko zima! Tarsis, sema kweli!"

Tarsis hakuwahi kupewa amri tamu kama ile.

"Ni wazima, bwana. Wanasikia baridi. Nusu yao niliwaficha porini, wakarudi kwa siri."

"Kwa hiyo wote hulala humu?"

"Siku zote," Nahumu akajibu kutoka chini ya blanketi. "Ila leo ndiyo tumelala vizuri."

Mtu mmoja akacheka, kisha chumba kizima. Bwana Kazi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Alipojikaza, akaagiza nyumba ya pili ijengwe kabla ya masika na kila mtu anunuliwe blanketi. Kwa sasa, waliokosa nafasi wangelala katika banda la gari la meneja.

Gari likatolewa mvuani mchana uleule, na Tarsis akavuliwa unyapara. Alikwenda bandani na mkeka wake, akasita mlangoni, hajui watampokeaje.

"Usisimame hapo unatuingizia upepo," Nahumu akamwambia, akisogea. "Njoo huku. Ila vua viatu, bwana. Hapa tunafuata sheria za afya."