Kigingi cha Nne

Wiki sita, daktari alisema, na Waruguru akaziona ndefu kama mwaka wa njaa. Goti lake la kulia lilikuwa limepasuliwa na kushonwa, na yeye, mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye hakuwahi kuketi mchana ila kanisani, akaambiwa atulie. Duka lake la sare za shule pale Kitale mjini alimwachia wifi yake, Mary Ann. Akarudi nyumbani Kibomet, akawekewa mguu juu ya stuli yenye mto, akaanza kutazama mvua.

Jumamosi ya kwanza mwanawe Gathii alikuja kutoka Eldoret kumjulia hali, akamkuta akihesabu mbao za dari. Jumamosi ya pili alikuja na mashine yake ya gemu, akaiunganisha na runinga, akamwekea mama yake pedi ya kuchezea mapajani. Diski ya kandanda ilikuwa imekwaruzika, akaeleza, na iliyobaki ni ya besiboli, mchezo wa Wamarekani. Waruguru alianza kumwambia asimletee mambo ya watoto. Uwanja ulipotokea kwenye kioo, maneno yakamwishia mdomoni.

Alikuwa anaujua. Si uwanja wenyewe, na taa zake na maelfu ya watu wake, bali umbo la mchezo: mmoja anatupa, mwingine anagonga kwa rungu, halafu anatimua mbio kuzunguka pembe nne mpaka arudi alikoanzia.

"Hii si raunda?" akauliza.

Gathii hakujua raunda ni kitu gani. Basi akaelezwa kwamba zamani, wavulana wakipiga mpira kwa miguu, wasichana walikuwa na raunda yao, na vigingi vyao vinne, na kwamba shuleni kule Kiminini hakukuwa na msichana wa kumfikia Waruguru kwa mbio. Kijana akacheka, akamfundisha kidole gumba kikae wapi, akaondoka.

Kuanzia hapo alasiri za Waruguru zikageuka. Mvua ya saa nane ingeanza kupiga mabati, naye angewasha runinga, na ndani ya kioo lingekuwa jua tupu. Nyasi za kule zilikatwa kwa mistari, mmoja umekolea, mmoja umefifia, kama kitambaa cha suti nzuri. Mpigaji aliingia uwanjani bila haraka, akasawazisha kofia, akasugua udongo kwa kiatu, akainua macho kutazama wingu. Watu jukwaani walinong'ona kama waumini kabla padri hajaingia. Vivuli vya wachezaji vilirefuka polepole vikavuka mstari mweupe, na kila mpira uliogongwa vyema ulikaa hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hata Waruguru akasahau kupumua.

Mara nyingi usingizi ulimchukua pedi ikiwa mkononi, na mchezo ukaendelea huko alikokwenda. Katika ndoto uwanja haukuishia kwenye viti. Ulipanda, ukapita mashamba ya mahindi, ukapanda tena mpaka mlimani upande wa Kapsokwony, na wasichana wenye sketi za kijani walikimbia juu yake bila viatu, bila kutoa sauti. Mumewe Ngige, akitoka shambani, alikuwa akisimama mlangoni na gambuti zake, akamwona mkewe ametabasamu macho yamefungwa, na mtupaji kwenye kioo anamngoja. Alipunguza sauti ya runinga, akamwacha.

Wiki ya tatu Waruguru aligundua kwamba mashine inakuruhusu kuumba mchezaji wako. Akajiumba: mfupi, miguu yenye nguvu, mgongoni WARUGURU. Kisha alihitaji mpinzani. Vidole vikaanza kazi kabla ya akili, vikamtoa msichana mrefu, mwembamba, wa mkono wa kushoto, ambaye kabla ya kutupa alikuwa anainua goti na kutua kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha nyumbani. Waruguru akamwandika mgongoni NAKHUNGU. Akakaa akilitazama jina hilo mpaka chai ikapoa.

Roselyne Nakhungu alikuwa mtupaji wa shule moja ya Bungoma, miaka arobaini na miwili iliyopita, shule za misheni zilipogombea kombe. Mshindi wa siku hiyo angepelekwa Nairobi. Mwisho wa mchezo Waruguru aliugonga mpira ukaenda mbali, akazunguka kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kwenye cha nne akakutana na Nakhungu aliyekuwa amerudishiwa mpira. Vumbi likatimka. Mwamuzi, mwalimu kijana, hakuona kitu. Kwa kuwa walikuwa watoto wa misheni, watoto wasiosema uongo, aliinama akamuuliza Waruguru kama alikigusa kigingi kwanza. Naye akajibu kwamba amegusa.

Akaenda Nairobi. Alilala kwenye bweni lenye bafu la maji moto, akaona magorofa, akashindwa mchezo wa kwanza kabisa. Alirudi, akakua, akaolewa, akazaa, akafungua duka. Hakumwambia mtu. Pengine hata yeye mwenyewe alikuwa ameshaamini kwamba aligusa.

Sasa, Jumanne moja ya mvua nyingi, Waruguru wa ndani ya kioo aliugonga mpira wa Nakhungu wa ndani ya kioo. Akakimbia. Waruguru wa kwenye kiti alibonyeza kwa nguvu zake zote, goti likamuuma kama ni lenyewe linalokimbia. Mchezaji akajirusha chini, vumbi jekundu likapanda, na mwamuzi akanyoosha mikono yote miwili pembeni: salama. Watu jukwaani wakanguruma.

Halafu picha ikarudishwa. Hakuwa ameiomba. Ilirudi polepole, chembe za udongo zikielea moja moja, kwanza kutoka upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kutoka juu mahali ambapo Mungu angekaa. Mkono wa Nakhungu ulifika kwanza. Upana wa kidole tu, lakini ulifika. Mwamuzi akasikiliza kitu sikioni, akafunga ngumi, akaugeuza uamuzi.

Waruguru akaweka pedi chini. Ngige aliporudi alimkuta runinga imezimwa, amekaa gizani mwa mvua, na ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kuisikia habari ile. Hakumcheka, wala hakumwambia kwamba ni mambo ya utotoni. Alivua gambuti, akakaa kando yake, akauliza kama huyo Nakhungu yuko hai.

Yuko. Khaemba, mwalimu wa Bungoma aliyekuwa akinunua sweta dukani kwao, alipopigiwa simu alimjua mara moja. Nakhungu alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, sasa amestaafu, anafuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya mji. Wiki ya sita ilipoisha, Ngige alimpakia mkewe kwenye pikapu pamoja na fimbo yake ya kutembelea, na kitu kilichofungwa kwa shuka ambacho Waruguru alikipakata njia nzima.

Walimkuta mama mnene, mrefu, amejifunga leso kiunoni, akimnywesha ndama maziwa kwa mkono wa kushoto. Ngige akasalimia, akasema ana shughuli zake mjini, akawaacha. Nakhungu alimkaribisha mgeni kwa adabu kama anavyokaribishwa mtu yeyote, akamkalisha sebuleni, akauliza ni wa wapi. Waruguru akataja jina lake na la shule yake. Alikuwa ameyapanga maneno tangu pikapu ilipopita Kiminini, lakini yalipotoka yalikuwa machache.

"Sikugusa," alisema. "Kile kigingi cha nne. Wewe ndiye ulifika kwanza."

Nakhungu aliutazama mkono wake, bado una povu la maziwa.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilikuwa hapo. Sista wa sekondari moja alikuwa ameniambia atanitazama nikicheza Nairobi, ndio anichukue shule yake. Sikuenda. Nilikaa nyumbani mwaka mzima kabla nipate nafasi kwingine. Nilikuwa nakungoja uje useme. Halafu nikaolewa, watoto wakaja, kazi ikaja, nikasahau kungoja."

Waruguru alisema pole. Nakhungu aliinuka akatoka nje, na kwa muda mrefu Waruguru alisikia ndoo, mlango wa zizi, sauti ya mama akimsemesha ng'ombe kwa Kibukusu. Hakujua kama amefukuzwa. Alikaa. Jua liliingia kwa dirisha, likatembea juu ya vitambaa vya viti vilivyofumwa kwa mkono, naye akaona ni haki yake kukaa hivyo, bila kujua, kama mwenzake alivyokaa.

Nakhungu alirudi amenawa, amebeba birika la chai na ndizi za kuchemsha. Akamimina vikombe viwili. Alipomaliza chake aliuliza ni nini hicho kwenye shuka.

Ilikuwa mashine ya Gathii, na ikachukua muda kuiunganisha na runinga, kwa kuwa Waruguru alikuwa amemwona Gathii akifanya mara moja tu. Hatimaye uwanja ukafunguka, mkubwa, kimya, wenye jua. Mtupaji alisimama katikati amewapa mgongo, na Nakhungu akasogea mbele akasoma jina lake mwenyewe.

"Nilikuwa mwembamba hivyo?"

Waruguru akamwambia ndivyo alivyomkumbuka. Msichana akageuka, akainua goti, akatua. Nakhungu akashika mdomo. Kisha akanyoosha mkono aonyeshwe kitufe cha kutupia.

Alitupa mpira wa kwanza ukaenda kwa watu. Wa pili ukagonga udongo. Wa tano ukapita chini ya rungu la Waruguru, laini, umejipinda mwishoni, na wote wawili wakaufuata kwa macho mpaka ulipotua kwenye glavu. Hawakuhesabu pointi. Walicheza bila maneno mengi, wakisogea kidogo kidogo kwenye ukingo wa kochi, na upande ule wa kioo jioni haikuisha, ilining'inia tu, ya rangi ya asali, wasichana wawili wakirefusha vivuli vyao juu ya nyasi.

Ngige alipopiga honi, ng'ombe walikuwa wamechelewa kukamuliwa. Nakhungu alimshika mgeni wake kiwiko hadi langoni, kwa ajili ya goti, na hapo akamwambia kwamba Jumatano ana mkutano wa akina mama wa kanisa. Kama anakuja tena, aje Alhamisi.